Barua ya Wazi: Dawa ya Nywele Isiyo na Lebo

KWA: Wizara ya Afya, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Baraza la Madaktari Tanganyika, Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi

NAKALA: Shirika la Viwango Tanzania, kwa upande wa vipodozi

YAH: USIMAMIZI WA TIBA ZA KUOTESHA NYWELE BILA UPASUAJI

Tiba za kuotesha nywele bila upasuaji hulenga kuviamsha vifuko vya nywele vilivyodhoofika, badala ya kuhamisha nywele kutoka kisogoni na kuzipandikiza utosini. Inayojulikana zaidi ni PRP. Mgonjwa hutolewa damu mkononi, damu huzungushwa kwenye mashine mpaka itengane, kisha sehemu yenye chembe sahani nyingi huchomwa kwa sindano kwenye ngozi ya kichwa chake mwenyewe. Sambamba nayo zipo rola za sindano ndogondogo, kofia na vitana vya mwanga wa leza, na katika miaka ya karibuni eksosomu pamoja na kile kinachoitwa seli shina. Huduma hizi zinatangazwa na kliniki za urembo katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, Dar es Salaam ikiwemo. Wanaoziendea ni wanawake ambao nywele za mbele zimerudi nyuma, mama waliojifungua karibuni, na vijana wa kiume walioanza kuona upara kabla ya umri walioutarajia. Ni watu wenye huzuni ya kweli, na kwa sababu hiyo ni wepesi wa kuamini na wepesi wa kulipa.

Suala hili linazihusu mamlaka nne zilizotajwa hapo juu kwa sababu moja. Dawa ya kawaida hufika sokoni ikiwa ndani ya boksi lenye jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda wake. Mkaguzi anaweza kuishika, kuisoma na kuipeleka maabara. PRP haina chochote kati ya hivyo. Hutengenezwa chumbani mbele ya mgonjwa, kwa damu yake, na kwa kawaida huwa imekwisha kutumika katika kikao hichohicho. Usimamizi unaosoma lebo hauwezi kuiona. Kinachotakiwa ni kanuni zinazoifuata huduma yenyewe: anayeifanya, ugonjwa anaoutibu, vifaa anavyotumia na ahadi anazotoa.

Msingi wa tiba hizi ni maumbile ya unywele. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000, na kila mmoja huota ndani ya kifuko kidogo kilichozama katika ngozi. Kifuko hupitia awamu tatu: kukua, kwa miaka 2 hadi 6, kusinyaa, kwa wiki 2 au 3, na kupumzika, kwa miezi 3 hivi. Baada ya hapo unywele wa zamani hung'oka na mpya huanza. Kwa wakati wowote, nywele karibu 9 kati ya 10 huwa katika kukua, na kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Chini kabisa ya kifuko kuna kifundo cha seli kinachotoa amri ya kuota. Ubavuni, chini ya tezi ya mafuta, kuna kituta kidogo ambamo seli shina hukaa. Makazi hayo yalionyeshwa mwaka 1990 na watafiti wa Marekani, George Cotsarelis, Tung-Tien Sun na Robert Lavker. Ugunduzi wao ndio unaoweka mpaka wa tiba zote zinazojadiliwa hapa: kifuko ambacho seli zake shina zingali hai kinaweza kuamshwa, ila kilichokwisha kugeuka kovu hakiamshwi na sindano yoyote.

Kwa hiyo utambuzi wa ugonjwa lazima uitangulie tiba. Kunyonyoka nywele ni dalili inayoletwa na maradhi mengi, na kila moja lina njia yake.

Upara wa kurithi hutokea pale homoni iitwayo DHT inapovidhoofisha vifuko kidogokidogo, mpaka nywele nene zinageuka malaika. Vifuko hivyo huendelea kuwa hai kwa miaka mingi, na ndivyo tiba za kuviamsha zilivyojaribiwa zaidi.

Kunyonyoka kwa ghafla kichwa kizima mara nyingi hufuata mshtuko wa mwili: kujifungua, homa kali, upasuaji au kukonda haraka. Vifuko vingi huingia katika kupumzika kwa pamoja, na baada ya miezi 2 au 3 nywele hutoka kwa mafungu. Hali hii kwa kawaida hujirekebisha yenyewe ndani ya miezi 6 hivi, chanzo kikishaondoka. Mama anayechomwa PRP mwezi wa nne baada ya kujifungua ataona nywele zikirejea, na sifa yote itakwenda kwa sindano ambayo haikuwa na kazi ya kufanya. Kumtoza fedha mzazi huyo bila kumweleza ukweli huo ni kumdhulumu.

Mapunye husababishwa na fangasi na hutibiwa kwa vidonge vya kuua fangasi. Upara wa mabaka ya mviringo, yaani alopesia areata, hutokana na kinga ya mwili kuvishambulia vifuko. Kwa aina yake kali, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha vidonge vya barisitinibu mwezi Juni 2022. Upungufu wa madini chuma, maradhi ya tezi ya thairoidi, lupasi na kaswende navyo hupukutisha nywele, na hugunduliwa kwa vipimo vya damu vya kawaida. Kumchoma PRP mgonjwa mwenye kaswende au lupasi isiyojulikana ni kumcheleweshea tiba ya ugonjwa unaoweza kumharibu zaidi ya nywele.

Kwa wanawake wa Afrika, magonjwa mawili yanastahili uzito wa pekee. La kwanza ni upara wa kuvutwa, unaoanzia kwenye paji la uso na juu ya masikio pale nywele zinaposukwa kwa kukazwa, zinapobebeshwa rasta nzito au zinaposhonewa wivingi kwa muda mrefu. Utafiti wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake mjini Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, uliukuta kwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 waliochunguzwa, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaovuta nywele ambazo tayari zimetiwa dawa ya kulainisha. Hatua za mwanzo, zenye vipele na maumivu kwenye kingo, hurekebishika kwa kuacha kuvuta. Miaka ikipita, vifuko hugeuka kovu na nywele hazirudi tena. La pili ni upara wa kovu unaoanzia utosini na kupanuka kuelekea pembeni. Mwaka 1968 ulielezwa kama matokeo ya kuchana nywele kwa kitana cha moto. Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo madaktari wa Afrika Kusini, walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko katika jeni ya PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele. Ugonjwa huu unahitaji dawa za kutuliza uvimbe mapema, na mara nyingi huthibitishwa kwa kukata kinyama kidogo cha ngozi na kukipima kwa hadubini. Kuuchanganya na upara wa kurithi, kisha kumpangia mgonjwa vikao vya PRP peke yake, ni kuuacha moto uendelee kula vifuko vilivyobaki.

PRP yenyewe ina mantiki inayoeleweka. Mikrolita moja ya damu ya kawaida ina chembe sahani 150,000 hadi 450,000. Kazi yake ya asili ni kuzuia damu kuvuja na kuanzisha uponaji wa kidonda, na ndani yake kuna protini zinazochochea seli kugawanyika na mishipa midogo ya damu kuota. Kuzungusha damu huziongeza chembe hizo mara kadhaa katika plazima. Utaratibu unaotumika sana ni vikao vitatu vinavyopishana kwa mwezi, kisha kimoja kila baada ya miezi kadhaa ili kutunza matokeo.

Ushahidi wake ni wa kutia moyo kwa sehemu, na haujakamilika. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2015, wanaume 20 wenye upara wa kurithi walichomwa PRP upande mmoja wa kichwa na maji ya chumvi upande wa pili. Upande wa PRP uliongezeka nywele kwa kiasi kinachohesabika, lakini baada ya mwaka mmoja na zaidi baadhi yao walianza kuzipoteza tena. Mwaka uliofuata, utafiti wa Marekani uliwahusisha wanawake 26, daktari na mgonjwa wote wakiwa hawajui nani kapata nini, na kwa kikao kimoja cha PRP idadi ya nywele haikutofautiana kitakwimu na ile ya waliochomwa maji ya chumvi. Tafiti nyingine nyingi zina wagonjwa wachache, na kila moja ina namna yake ya kuzungusha damu, kiasi chake cha chembe sahani na ratiba yake ya vikao. Hivyo jina PRP peke yake halimwambii mgonjwa atakachochomwa. Kliniki mbili za mtaa mmoja zinaweza kuuza vimiminika viwili tofauti kwa jina moja, na hakuna lebo ya kuonyesha tofauti hiyo. Aidha, tafiti nyingi zimewahusu watu wenye upara wa kurithi, ilhali kliniki za hapa huweza kuwapokea pia wenye upara wa kuvutwa au wa kovu.

Rola ya sindano ndogondogo hutoboa ngozi ili kuamsha uponaji na kurahisisha dawa kupenya. Utafiti wa India wa mwaka 2013 uliwagawa wanaume 100 katika makundi mawili. Waliotobolewa mara moja kwa wiki kwa sindano za milimita 1.5 huku wakipaka dawa ya minoksidili waliongezeka wastani wa nywele 91 katika eneo lililohesabiwa baada ya wiki 12. Waliopaka minoksidili tu waliongezeka 22. Matokeo hayo ni mazuri, lakini kifaa kinachotoa damu ni kifaa cha hospitali. Rola iliyotumika kwa mteja mmoja haifai kwa mwingine, na ngozi yenye asili ya kuota makovu makubwa inahitaji tahadhari kabla ya kutobolewa.

Mwanga wa leza una historia ndefu zaidi. Daktari Endre Mester wa Budapest aliona katika miaka ya 1960 kwamba panya walionyolewa na kumulikwa leza hafifu waliota manyoya haraka. Mwaka 2007 FDA iliruhusu kitana cha kwanza cha leza kuuzwa kwa ajili ya upara wa kurithi wa wanaume. Ruhusa hiyo hutolewa kwa kifaa kinacholingana na vingine vilivyokwisha kuwepo, nayo haina uzito wa idhini inayopewa dawa baada ya majaribio makubwa. Leza hii haina hatari kubwa, ila mwanga wake sharti uifikie ngozi. Haiifikii ikiwa kichwa kimefunikwa kwa wigi au wivingi.

Dawa za kawaida zinabaki kuwa kipimo cha tiba zote hizi. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, na wagonjwa wakaota nywele. FDA iliidhinisha ya kupaka kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake mwaka 1991. Finasteraidi ya miligramu 1, inayopunguza DHT, iliidhinishwa kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Mjamzito hapaswi kuitumia kwa sababu inaweza kuathiri mtoto wa kiume tumboni. Dawa hizi nazo zinataka matumizi endelevu, na faida hupotea zikiachwa. Lakini zina boksi, kipimo na majaribio makubwa. Mgonjwa wa upara wa kurithi anayepelekwa moja kwa moja kwenye PRP bila kuambiwa kuwa zipo amenyimwa haki ya kuchagua.

Eksosomu na seli shina ziko katika ngazi nyingine ya hatari. Eksosomu ni vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli na kubeba ujumbe wa kikemia. Zinazouzwa kwa ajili ya nywele kwa kawaida hutokana na seli za mtu mwingine au za viumbe vingine, hivyo haziwezi hata kujitetea kwa hoja ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Desemba 2019 FDA ilitoa tahadhari kwa umma baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa, ikaeleza kwamba hakuna bidhaa yoyote ya eksosomu iliyoidhinishwa. Septemba 2024 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba seli zilizotolewa katika mafuta ya mgonjwa, zikachakatwa na kurudishwa mwilini mwake, ni dawa chini ya sheria na zinapaswa kusimamiwa kama dawa. Uamuzi huo unajibu hoja inayorudiwa katika matangazo mengi, kwamba kilichotoka mwilini mwa mtu hakiwezi kumdhuru. Kinaweza kumdhuru kikichafuliwa, kikibadilishwa na cha mwingine, au kikipelekwa pasipo pahali pake.

Hatari ya kubadilishana damu imekwisha kutokea. Aprili 2024 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha uchunguzi kuhusu saluni moja ya urembo mjini Albuquerque, iliyofungwa mwaka 2018. Saluni hiyo haikuwa na leseni. Ilikuwa ikiwatoboa wateja usoni kwa sindano ndogondogo na kuwapaka PRP. Wachunguzi walikuta chupa za damu zisizo na majina, nyingine zikiwa katika jokofu pamoja na chakula, na vifaa vya kutumia mara moja vikirudiwa. Kwa uwezekano mkubwa wanawake watatu waliambukizwa VVU hapo. Mbinu ni ileile inayotumika kichwani. Kama hayo yametokea katika nchi yenye wakaguzi wengi, hakuna sababu ya kuamini kwamba hayawezi kutokea katika chumba cha nyuma cha saluni popote pale. Homa ya ini aina ya B hupita kwa njia hiyohiyo, na kwa wepesi zaidi.

Ugumu wa kusimamia huduma hizi unatokana na kugawanyika kwa majukumu. Mashine ya kuzungusha damu na mirija yake ni vifaa tiba, navyo viko chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Anayechoma sindano yuko chini ya baraza lake la taaluma. Jengo liko chini ya wasajili wa vituo binafsi. Losheni inayouzwa mlangoni ni kipodozi, na tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango. Kila ofisi inaweza kutimiza wajibu wake kwa uaminifu na PRP bado ikapita katikati. Japani ilikwisha kulifanyia kazi tatizo hili. Sheria yake ya usalama wa tiba za kufufua tishu, iliyoanza kutumika Novemba 2014, inazigawa huduma katika madaraja matatu ya hatari, huduma za PRP zikiwemo, na kliniki haianzi kutibu kabla ya mpango wake kupitiwa na kamati na kuwasilishwa serikalini. Sheria hiyo inaishika huduma yenyewe badala ya kusubiri boksi.

Kwa misingi hiyo, mamlaka husika zinaombwa kutoa mwongozo mmoja wa pamoja wenye mambo yafuatayo.

Kwanza, PRP na utoboaji wowote wa ngozi unaotoa damu vitamkwe kuwa huduma ya tiba, vifanywe ndani ya kituo cha afya kilichosajiliwa na mtaalamu aliyesajiliwa, na vipigwe marufuku saluni.

Pili, utambuzi wa ugonjwa uandikwe kwenye faili kabla ya sindano ya kwanza. Penye dalili za kovu, mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ngozi. Mwenye maambukizi kichwani, chembe sahani chache au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichomwe kabla ya kutathminiwa.

Tatu, kila kituo kiwe na rejista ya damu: jina la mgonjwa kwenye mrija wakati damu inapotolewa, namba ya toleo la vifaa, kiasi kilichotolewa, muda na kasi ya kuzungusha. Vifaa viwe vya kutumia mara moja. Damu itumike katika kikao hichohicho na isihifadhiwe.

Nne, ridhaa iandikwe kwa Kiswahili na ieleze ugonjwa, ukubwa wa ushahidi, idadi ya vikao, gharama ya jumla pamoja na ya vikao vya kutunza matokeo, na dawa nyingine zilizopo.

Tano, matangazo yasiahidi matokeo, na yasidai kwamba PRP ya nywele imeidhinishwa na FDA. Vifaa vingi vya kutengeneza PRP viliruhusiwa Marekani kwa ajili ya kuchanganywa na vipandikizi vya mifupa, na matumizi yake kwa nywele ni uamuzi wa daktari.

Sita, eksosomu na seli shina kwa ajili ya nywele zisitolewe nje ya utafiti uliopata kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Saba, ushahidi wa hapa utafutwe. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na kina uwezo wa kusaidia kupima kama PRP inafaa kwa upara wa kuvutwa ulio katika hatua za mwanzo. Rejista iliyopendekezwa ingekuwa chanzo cha takwimu hizo.

Jambo la mwisho ni kinga, ambayo ni rahisi kuliko tiba zote zilizotajwa. Wasusi na vinyozi ndio wanaokiona kichwa cha mwananchi mara nyingi zaidi kuliko daktari yeyote. Mafunzo mafupi yakiwafundisha kwamba msuko unaouma umekazwa kupita kiasi, kwamba vipele kwenye kingo ni onyo, kwamba nywele zilizotiwa dawa hazipaswi kubebeshwa uzito mara moja, na kwamba utosi unaopungua na kuwasha unatakiwa kuonwa na daktari, wanawake wengi wataepuka upara ambao hakuna tiba iliyopo inayoweza kuurudisha nyuma.